Uzito wa neno 'baba': Sounder na machozi ya watazamaji wa 1972

Filamu ya Sounder ilipoanza kuonyeshwa nchini Marekani mnamo Septemba 1972, watazamaji wengi walitoka ukumbini wakipangusa macho. Kipo kipande kimoja katika filamu hiyo ambacho hata leo ni vigumu kukitazama macho makavu. Mama aitwaye Rebecca anamwona mtu akija kwa mbali barabarani, akichechemea. Pindi anapomtambua kuwa ni mumewe aliyekuwa kifungoni, anatimka mbio kumlaki huku akiliita jina lake. Weusi walilia. Weupe walilia. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba machozi hayo hayakuwa ya namna moja, na kilichoyatenganisha kilikuwa suala la lugha: nani huitwa kwa jina lake, nani huitwa 'baba', na nani huitwa 'boi' hadi siku anayozikwa.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: Profesa, safu hii ni ya Kiswahili, sasa sinema za Wamarekani zimeingiaje? Subira, ndugu yangu. Tutafika.

Kisa chenyewe si kirefu. Ni mwaka 1933, jimboni Louisiana, kusini mwa Marekani, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Nathan Lee Morgan na mkewe Rebecca wanalima miwa katika shamba la mwenyewe kwa mpango wa kugawana mavuno. Msimu ukiisha, deni liko palepale. Siku moja watoto wanalala njaa. Kesho yake kuna nyama mezani. Muda si muda sherifu anabisha hodi. Nathan anatiwa pingu, na mbwa wa familia, ambaye ndiye Sounder, anapigwa risasi akiwafukuzia waliomchukua bwana wake. Kwa kuiba nyama, Nathan anahukumiwa mwaka mmoja wa kazi ngumu. Familia haiambiwi amepelekwa kambi gani. Ndipo mwanawe wa kwanza, David Lee, ambaye bado ni mtoto, anapofunga safari ya miguu kumtafuta. Babake hampati, lakini njiani anakutana na mwalimu mweusi, Bi Camille Johnson, anayemfungulia mlango wa shule na wa vitabu vilivyoandikwa na watu weusi. Nathan anaporudi na mguu ulioharibika, David Lee hataki tena shule. Anataka abaki nyumbani alime. Baba mtu ndiye anayemsukuma aende.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya fupi ya William H. Armstrong, mwalimu Mzungu, iliyochapishwa mwaka 1969 na kupewa nishani ya Newbery mwaka 1970, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Ukiifungua riwaya hiyo utakumbana na jambo la ajabu kidogo. Katika familia nzima, mwenye jina ni mbwa tu! Wengine wote ni 'mvulana', 'babake' na 'mamake'. Waliomtetea mwandishi walisema kuwa kuwanyima wahusika majina kunakifanya kisa kiwe cha kila mtu, kama ngano. Waliompinga waliuliza: yawezekanaje mbwa wa watu weusi awe na jina na wenyewe wasiwe nayo?

Hoja ya kwanza ina mashiko kifasihi. Hata ngano zetu hazina haja ya jina la baba wa sungura. Lakini riwaya haisomwi hewani. Husomwa katika nchi na historia yake. Kwa msomaji mweusi wa Louisiana au Alabama, kukosa jina hakukuwa mbinu ya sanaa. Kulikuwa maisha ya kila siku.

Hebu tuitazame historia hiyo. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, weupe wa Kusini walijenga taratibu mpya za kumweka mweusi chini, na lugha ilikuwa nguzo mojawapo. Mweusi alilazimika kumwita kila mtu mweupe 'Bwana', 'Bibi' au 'Bi'. Yeye mwenyewe hakuitwa hivyo kamwe. Aliitwa kwa jina lake la kwanza tu, hata na mtoto mdogo. Mwanamume mzima, mwenye mke na wajukuu, aliitwa 'boy', yaani mvulana. Alipozeeka mno kiasi kwamba neno hilo lilichekesha hata masikio ya waliolitumia, alianza kuitwa 'mjomba', na mkewe 'shangazi'.

Hapa Mswahili anaweza kupotoshwa na mazoea yake. Kwetu, kumwita mtu asiye wa damu yako 'mjomba' au 'shangazi' ni kumvuta karibu. Kule Kusini, maneno hayohayo yalitumiwa ili kukwepa kutamka 'Bwana' na 'Bibi'. Neno la ukoo liligeuzwa kuwa ukuta.

Mambo haya hayakuwa madogo. Mwaka 1963, mwanaharakati mweusi Mary Hamilton alifikishwa mbele ya hakimu huko Gadsden, Alabama. Kiongozi wa mashtaka alimwita 'Mary'. Akakataa kujibu hadi aitwe 'Bi Hamilton', kama walivyoitwa wanawake weupe katika mahakama hiyohiyo. Akahukumiwa siku 5 jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1964 iliifuta hukumu hiyo. Miaka minne baadaye, wazoataka weusi wa jiji la Memphis waligoma wakibeba mabango yaliyoandikwa kuwa kila mmoja wao ni mwanamume. Mtu aliyezoea siasa za mishahara huenda akashangaa kwamba bango la mgomo halikutaja pesa. Lakini ukijua kuwa watu hao walikuwa wakiitwa 'boy' na wasimamizi wao, unaelewa kwamba bango lilikuwa jibu la neno kwa neno.

Sasa turudi ukumbini, mwaka 1972. Mswada wa filamu uliandikwa na mtunzi mweusi wa tamthilia, Lonne Elder III. Mwelekezi, Martin Ritt, na mtayarishaji, Robert Radnitz, walikuwa weupe. Katika mikono ya Elder kila mtu katika familia hiyo alipata jina: Nathan Lee, Rebecca, David Lee, hata wadogo Josie Mae na Earl. Aidha, katika riwaya baba na mbwa wanakufa. Katika filamu wote wawili wanaishi. Elder aliiacha familia ikiwa nzima.

Filamu iliingia sokoni wakati mgumu. Shaft ilikuwa imetoka mwaka 1971 na kuleta fedha nyingi. Super Fly, inayomhusu mlanguzi wa dawa za kulevya, ilitoka majira yaleyale na Sounder. Vijana weusi mijini walifurika kuwatazama mashujaa wenye bastola, ambao hawakumwogopa polisi wala Mzungu yeyote. Junius Griffin, kiongozi wa tawi la Hollywood la chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, alizikemea filamu za namna hiyo. Ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa alibuni neno la kuzidhihaki, kwa kuunganisha neno la Kiingereza la 'weusi' na lile la 'unyonyaji'.

Katika hali hiyo, watazamaji weusi hawakuipokea Sounder kwa kauli moja. Wako walioiona baridi mno. Nathan anakamatwa bila kurusha ngumi. Rebecca anafua nguo za weupe na kumeza machungu. Mapinduzi yako wapi? Wengine waliona kinyume. Kwao, mume na mke weusi wanaopendana waziwazi, wakiwatania na kuwalea watoto wao, lilikuwa jambo ambalo Hollywood ilikuwa imewanyima kwa zaidi ya nusu karne. Mweusi mwenye bastola alikuwa ameonekana. Mweusi mwenye mke anayemkimbilia barabarani, na mtoto anayemtafuta kambi hadi kambi, hakuwa ameonekana sana.

Je, weupe nao? Wengi waliipenda pia, na hapa ndipo penye kisa ambacho mimi hukiona kuwa muhimu kuliko tuzo zote. Cicely Tyson, aliyeigiza kama Rebecca, alisimulia mara kadhaa katika maisha yake kwamba alipokuwa akizunguka kuitangaza filamu hiyo, mwanahabari mmoja Mzungu alimwambia kuwa hakuwahi kujiona mbaguzi. Lakini alipoitazama Sounder alishtuka kumsikia yule mvulana akimwita Nathan 'Daddy'. Kwa nini ashtuke? Kwa sababu ndivyo wanawe mwenyewe walivyomwita yeye.

Msomaji, tua kidogo kwenye kauli hiyo. Mtu huyu hakuwa katili. Alikuwa amesoma, anaandika magazetini, na filamu ilimgusa. Hata hivyo, hadi siku hiyo haikuwa imempitia akilini kwamba mtoto mweusi ana neno la kumwita mzazi wake, na kwamba neno lenyewe ni lilelile linalotamkwa nyumbani kwake. Tyson alisema kuwa kauli hiyo ilibadilisha mwendo wa kazi yake. Aliamua kuchagua nafasi zinazoonyesha utu wa watu wake. Mwaka 1974 aliigiza kama Jane Pittman, mwanamke aliyezaliwa utumwani na kuishi hadi enzi ya kupigania haki za kiraia.

Ndiyo maana nasema machozi yalikuwa ya namna mbili. Wapo waliolia kwa kuwa hatimaye walijiona kwenye skrini kama walivyojijua siku zote. Wapo waliolia kwa kuwa ndiyo kwanza wamemwona jirani yao. Machozi ya pili si ya kudharauliwa. Lakini yana swali ndani yake: miaka yote hiyo ulidhani watoto hao humwitaje mzazi wao?

Sounder iliteuliwa kuwania tuzo 4 za Oscar: ya filamu bora, ya Tyson, ya Paul Winfield aliyeigiza kama Nathan, na ya mswada wa Elder. Haikushinda hata moja. Tyson alipewa Oscar ya heshima mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 93, na mwaka 2021, alipofariki, filamu yenyewe ikaingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Nilisema tutafika kwenye Kiswahili, na sasa tumefika. Katika darasa langu la tafsiri niliwahi kuwaonyesha wanafunzi filamu hii, kisha nikawauliza: neno 'Daddy' mtalitafsirije? Mmoja akasema 'baba', mwingine 'babangu', wa tatu 'mzee'. Wa nne akaropoka 'buda', darasa likaangua kicheko. Tukajadiliana. 'Mzee' lina heshima lakini mtu yeyote mwenye mvi anaweza kuitwa hivyo. 'Baba' likashinda, kwa sababu ni neno ambalo mtoto hulitamka kabla ya kujua maana ya heshima.

Kisha nikawapa 'boy', Mzungu wa Kusini akimwita mwanamume mzima. Wengi wakaandika 'kijana'. Lakini kwetu 'kijana' halina ubaya. Mtu wa miaka 45 akiitwa hivyo hufurahi. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma kabisa ndiye aliyelipata. "Boi," akasema. Darasa likanyamaza, maana kila mmoja alijua kuwa amelipata.

Kumbe hatukuhitaji kuazima neno jipya. Tulikuwa nalo kamusini tangu enzi za masetla, likiwa na maana ya mtumishi wa kiume wa nyumbani. Lilizaliwa jikoni mwa mkoloni, ambako mpishi mwenye wajukuu aliitwa 'boi', na msaidizi wake mdogo akaitwa 'toto'. Hilo 'toto' ni neno letu wenyewe, lililokatwa kichwa. Filamu ya Harry Hook ya mwaka 1987 kuhusu mvulana Mkenya katika nyumba ya afisa wa polisi wa kikoloni ilibeba jina hilo, 'toto' la jikoni. Louisiana na nyanda za juu za Kenya zilitenganishwa na bahari, lakini mantiki ya lugha ilikuwa moja: ukimwita mtu mzima mtoto, humdai heshima ya mtu mzima, wala humlipi mshahara wa mtu mzima.

Masetla walienda. Neno je? Fungua masikio mtaani kwako. 'Boi wa shamba' bado yupo, na mara nyingi ni mwanamume wa miaka 50 anayesomesha watoto wawili sekondari. Tunamtuma dukani na kumwachia funguo za nyumba, ilhali jina lake hatulijui. Siamini kwamba wengi wetu tuna chuki naye. Hata yule mwanahabari wa Tyson hakuwa na chuki.

Wala tiba yake haitaki sheria ya Bunge, kwa kuwa Kiswahili chetu kinayo tayari. Kwa desturi zetu, mzazi huheshimiwa kwa kuitwa kwa jina la mwanawe: Mama Achieng', Baba Mutua. Kesho asubuhi, ukimkuta yule mtu langoni, muulize kifungua mimba wake anaitwa nani. Akishakujibu, utajua namna ya kumwita.