Fahamu Madaraja ya Anga na Kanuni za Kuruka kwa Marubani Wanafunzi Mkoani Katavi

MPANDA, KATAVI

Rubani mwanafunzi anayeruka juu ya misitu ya miombo mkoani Katavi anaweza kusafiri kwa muda mrefu bila kusikia sauti ya rubani mwingine redioni. Ukimya huo haumaanishi kwamba anga ni tupu. Ndege za abiria hutumia Kiwanja cha Ndege cha Mpanda, na ndege ndogo za watalii huelekea kiwanja cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Usalama wa wote hao unategemea kila rubani kufahamu yumo katika daraja lipi la anga, na ni nani mwenye wajibu wa kumtenganisha na ndege nyingine.

Usafiri wa anga nchini unadhibitiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kwa mujibu wa Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Kanuni zinazotumika zimejengwa juu ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililoanzishwa kutokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944.

Madaraja saba ya anga

ICAO imeweka madaraja saba, kuanzia A hadi G, na kila nchi huchagua yale inayoyahitaji. Madaraja A hadi E ni ya anga linalodhibitiwa. F na G ni ya anga lisilodhibitiwa.

Daraja A ni la ndege zinazoongozwa kwa vyombo pekee, hivyo rubani anayeruka kwa kuona haruhusiwi kuingia. Katika daraja B, waongozaji ndege hutenganisha ndege zote. Katika daraja C, anayeruka kwa kuona hutenganishwa na ndege zinazoongozwa kwa vyombo, lakini kuhusu wenzake wanaoruka kwa kuona hupewa taarifa tu. Katika daraja D hupewa taarifa za ndege zote, na jukumu la kuzikwepa ni lake. Madaraja B, C na D yanahitaji kibali cha mwongozaji ndege kabla ya kuingia.

Katika daraja E, anayeruka kwa kuona hahitaji kibali. Daraja F hutoa huduma ya ushauri kwa ndege zinazoongozwa kwa vyombo, na daraja G hutoa taarifa za safari tu. Katika daraja G hakuna anayemtenganisha rubani na mwenzake. Mlinzi wake ni macho yake mwenyewe.

Kanuni za kuruka kwa kuona

Mafunzo ya awali hufanyika kwa kanuni za kuruka kwa kuona, zijulikanazo kwa kifupi VFR. Kuanzia futi 10,000 kutoka usawa wa bahari kwenda juu, rubani anatakiwa kuona umbali usiopungua kilomita 8. Chini ya hapo, umbali huo ni kilomita 5. Katika hali zote mbili, ndege inapaswa kuwa mbali na mawingu kwa mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini.

Katika anga lisilodhibitiwa upo unafuu kwa anayeruka chini kabisa, yaani katika futi 3,000 kutoka usawa wa bahari au futi 1,000 kutoka ardhini, kwa kufuata kile kilicho juu zaidi. Hapo inatosha kuwa nje ya mawingu na kuiona ardhi, pamoja na kuona umbali wa kilomita 5.

Kwa Mpanda, kifungu hiki kinahitaji uangalifu. Kiwanja chake kiko takriban futi 3,500 kutoka usawa wa bahari, hivyo kipimo cha futi 3,000 hakina matumizi hapo. Unafuu huo unaishia futi 1,000 juu ya ardhi. Mwanafunzi aliyezoea mazoezi ya pwani anaweza kukosea kwa urahisi.

Viwango vya safari navyo hufuata uelekeo. Zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi, anayeelekea upande wa mashariki hutumia futi elfu zisizogawanyika kwa mbili na kuongeza 500. Kutoka Mpanda kwenda Tabora, mfano ni futi 7,500 au 9,500. Wakati wa kurudi, mfano ni futi 8,500.

Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Njia zao zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha.

Mazingira ya Katavi

Wakati wa kiangazi, moshi wa moto wa misituni unaweza kupunguza umbali wa kuona hata kama hakuna wingu. Joto nalo hupunguza nguvu ya ndege. Nyuzi joto zikifika 30, ndege iliyoko Mpanda hufanya kazi kana kwamba iko takriban futi 6,000, na huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.

Masharti ya leseni

Rubani mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake bila usimamizi au idhini ya mkufunzi mwenye mamlaka. Kwa viwango vya ICAO, leseni ya rubani binafsi inahitaji umri usiopungua miaka 17, cheti cha afya cha daraja la 2 na saa 40 za kuruka, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 ni za kuruka peke yake, ikiwamo safari moja ya kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti.

Kabla ya kila safari, mwanafunzi anapaswa kusoma Kitabu cha Taarifa za Anga (AIP) kinachotolewa na TCAA, ambacho hutaja daraja la kila eneo pamoja na maeneo yaliyozuiwa, na kupitia matangazo ya NOTAM kwa mabadiliko ya karibuni. Pale ambapo daraja la anga halijaeleweka, mwanafunzi amuulize mkufunzi wake angali ardhini.