Meja Banting na Ndege ya Gander

Mwanzoni mwa Machi 1941, Meja Frederick Grant Banting alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Mount Pleasant, Toronto. Alikuwa na umri wa miaka 49. Dunia ilimlilia mgunduzi wa insulini, na alistahili kuliliwa hivyo: hadi leo Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa, mwaka 1891, katika shamba la wazazi wake karibu na Alliston, jimbo la Ontario. Lakini sifa hiyo kubwa imezifunika nyingine. Banting alivaa sare katika vita vyote viwili vya dunia, na kifo chake, ambacho kwa kawaida hutajwa kwa sentensi moja tu kuwa ni ajali ya ndege, kilikuwa kifo cha vita sawa na cha askari aliyepigwa risasi.

Vita vilipozuka Agosti 1914, alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Toronto. Alikwenda kujiandikisha, akakataliwa kwa sababu ya macho. Akarudi tena, wakamkataa tena. Mwaka uliofuata walimpokea. Jeshi lilikuwa na uhaba wa madaktari, kwa hiyo darasa lake liliharakishiwa masomo, na mwishoni mwa 1916 akahitimu na kuingia kazini moja kwa moja. Huko Uingereza aliwahudumia majeruhi katika hospitali ya Wakanada iliyokuwa Ramsgate, akijifunza upasuaji wa mifupa.

Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa. Mwishoni mwa Septemba, katika mapigano ya kuelekea Cambrai, daktari wa batalioni ya 46 ya Kanada alijeruhiwa, na Banting akaenda mbele kushika nafasi yake huku makombora yakimiminika. Njiani askari wake kadhaa walipigwa. Hakuwapita. Alisimama palepale kwenye uwanja wa wazi kuwafunga majeraha, na akiwa katika kazi hiyo kipande cha kombora kikamwingia mkononi. Aliomba aachwe aendelee kutibu, lakini wakubwa wake wakamwondoa. Kwa ujasiri huo alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Kliniki aliyofungua mwaka 1920 katika mji wa London, Ontario, ilipata wagonjwa wa kuhesabu, na usiku wa tarehe 31 Oktoba akaandika wazo lake kuhusu kongosho. Chini ya Profesa John Macleod, akisaidiwa na Charles Best na baadaye James Collip, alipata dawa ambayo Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari. Tuzo ya Nobeli ikaja mwaka 1923. Haki ya ugunduzi huo Chuo Kikuu cha Toronto kiliuziwa kwa dola moja, ili asitokee mtu wa kuihodhi.

Mtu mwenye jina kama hilo angeweza kuvitazama vita vya pili kutoka kwenye kiti chake cha profesa. Mwaka 1939 Banting alirudi jeshini. Alitamani hospitali ya vitani, lakini ikaonekana atafaa zaidi kuongoza utafiti wa tiba kwa ajili ya vita. Swali mojawapo lililomshughulisha ni kwa nini marubani hupoteza fahamu ndege inapokata kona kali: damu hukimbilia miguuni na ubongo ukabaki bila ya kutosha. Mwenzake Wilbur Franks alibuni vazi lenye maji linaloibana miguu na tumbo ili kuizuia damu hiyo isishuke. Banting mwenyewe alijipaka gesi ya haradali mguuni kupima tiba, akaungua vibaya. Aliisukuma pia serikali ichunguze silaha za vijidudu kwa kuhofia Ujerumani ingetangulia. Jambo hili linaniuma nikiliandika, lakini kulificha si kumheshimu.

Februari 1941 alitakiwa kwenda Uingereza kwa kazi hiyo ya utafiti. Alipewa nafasi katika ndege ya Hudson iliyokuwa ikipelekwa vitani kutoka Gander, kisiwani Newfoundland, ambako wakati ule hakukuwa sehemu ya Kanada. Ilipaa usiku wa tarehe 20. Muda mfupi baadaye injini moja ikaharibika kwa hitilafu ya kipoza oili. Rubani, Joseph Mackey, akageuza kurudi, na injini ya pili nayo ikaishiwa nguvu. Ndege iliparamia miti kando ya ziwa lililoganda, karibu na Musgrave Harbour. Mwongoza njia William Bird na opereta wa redio William Snailham walikufa papo hapo. Banting aliumia kichwa, mkono na kifua. Kwa maelezo ya Mackey, aliweweseka kwa saa nyingi akitamka maelezo ya kitabibu na kumtaka ayaandike, na Mackey, naye akiwa na majeraha, akajifanya anaandika. Rubani alipotoka kutafuta msaada na kurudi, daktari alikuwa amekwisha kufa. Mackey alipatikana tarehe 24.

Uvumi wa hujuma ulienea. Sioni haja yake. Safari za kuvusha ndege hizo juu ya Atlantiki zilianza Novemba 1940, miezi mitatu tu kabla, na hapo nyuma wataalamu wengi waliona kupita huko wakati wa baridi kali ni kujitakia kifo. Zilianza kwa sababu Uingereza ilihitaji ndege haraka, na kuzipakia melini kulichukua muda mrefu mno. Haraka hiyo ndiyo iliyompandisha Banting kwenye Hudson usiku wa Februari.

Njia ile haikufungwa. Maelfu ya ndege zilivushwa hadi vita vilipokwisha, na mamia ya watu walikufa wakizivusha. Mnara uliozinduliwa Ottawa mwaka 1959 una majina ya watu wapatao 800 wa vikosi vya anga vya Jumuiya ya Madola, waliopotea wakiwa mafunzoni au kazini kutoka vituo vya upande wa magharibi wa Atlantiki na makaburi yao hayajulikani.