Uswidi, nchi ambako sikukuu huhifadhiwa jikoni

TAREHE 4 Oktoba kila mwaka, harufu ya mdalasini na iliki hutanda katika nyumba nyingi nchini Uswidi. Siku hiyo si ya dini wala ya taifa. Ofisi hazifungwi, wanafunzi hawaendi likizo na hakuna kiongozi anayehutubia umma. Ni siku ya skonzi tu, zile zinazoviringwa kwa siagi, sukari na mdalasini, ambazo wenyeji huziita kanelbullar.

Taifa hilo la kaskazini mwa Ulaya lina siku kadhaa za aina hii. Mwaka wa Waswidi umegawanywa kwa mikate na keki kama ambavyo mwaka wa mkulima umegawanywa kwa misimu ya mvua. Baadhi ya siku hizo zilizaliwa kanisani, nyingine zilitokana na vita, moja ilianza kwa ulimi kuteleza na nyingine ilibuniwa na wafanyabiashara. Aliyezichunguza ataona kwamba asili yake si kitu kikubwa. Zimedumu kwa sababu watu wa nyumbani walikubali kukanda unga.

Skonzi iliyoushinda mfungo

Kongwe miongoni mwa siku hizi ni Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Enzi ambapo Uswidi ilikuwa nchi ya Kikatoliki, waumini walikula wakashiba siku hiyo kabla ya kuingia katika Kwaresma, mfungo wa siku 40. Mayai, siagi na maziwa havikuruhusiwa wakati wa mfungo, hivyo ilikuwa busara kuvimaliza mapema. Jina la siku hiyo kwa Kiswidi, fettisdagen, maana yake ni Jumanne ya Mafuta.

Skonzi ya siku hiyo huitwa semla. Huokwa kwa unga mweupe uliotiwa iliki. Ikishapoa hukatwa sehemu ya juu, ikajazwa lozi zilizosagwa pamoja na sukari, kisha krimu iliyopigwa ikaumuka, na kile kipande cha juu kikarudishwa kama kifuniko. Zamani ilikuwa mkate mtupu uliowekwa katika bakuli la maziwa ya moto, na hadi leo wapo wanaoila kwa namna hiyo.

Katika karne ya 16 Uswidi ilijitenga na Roma na kuufuata Ulutheri. Mfungo ukafifia. Kwa mantiki ya kawaida, skonzi ilipaswa kutoweka pamoja na mfungo ulioizaa. Haikutoweka. Leo semla huuzwa tangu mwezi Januari hadi Pasaka, yaani huliwa hata ndani ya Kwaresma yenyewe.

Mwenye kuipenda kupita kiasi hukumbushwa kisa cha Mfalme Adolf Fredrik. Mnamo Februari 12, 1771, siku iliyoangukia Jumanne ya Mafuta, mfalme huyo alikula karamu kubwa ya vyakula vya baharini na mvinyo, akamalizia kwa skonzi hizo katika maziwa ya moto. Alifariki usiku huo huo. Watoto wa shule nchini Uswidi humjua kama mfalme aliyekula hadi kufa, ijapokuwa si haki kuzilaumu skonzi peke yake.

Ulimi ulipoteleza

Tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi, Wakristo huadhimisha siku ambayo Bikira Maria alipashwa habari na malaika. Kwa Kiswidi siku hiyo iliitwa Vårfrudagen, yaani Siku ya Bibi Yetu. Katika matamshi ya haraka ya watu wa kawaida, neno hilo likageuka Våffeldagen. Maana nayo ikageuka: Siku ya Våfflor.

Våfflor ni vyakula vya unga, mayai na maziwa vinavyookwa katikati ya vyuma viwili vya moto vyenye miraba, kisha huliwa na jamu na krimu. Kwa kuwa msimu huo kuku walianza tena kutaga na ng'ombe kutoa maziwa mengi baada ya baridi kali, viungo vilipatikana. Jina jipya likakuta jiko liko tayari.

Mwaka 1953 serikali iliiondoa Machi 25 katika orodha ya siku za mapumziko, na kanisa likahamishia ibada yake kwenye Jumapili iliyo karibu. Våfflor hazikuhama. Huokwa tarehe 25 ile ile, iwe Jumatatu au Alhamisi, na wengi wanaozila hawamkumbuki malaika wala Bikira Maria.

Siku iliyobuniwa na wenye bidhaa

Siku ya skonzi za mdalasini haina kisa cha mfalme wala cha malaika. Ilianzishwa mwaka 1999 na Kaeth Gardestedt, aliyekuwa msimamizi wa miradi katika Baraza la Uokaji wa Nyumbani, Hembakningsrådet, wakati baraza hilo lilipokuwa likiadhimisha miaka 40. Baraza lenyewe liliundwa na kampuni zilizouza hamira, unga, sukari na majarini. Hesabu yake ni rahisi: kadiri watu wanavyooka nyumbani, ndivyo bidhaa hizo zinavyonunuliwa.

Msomaji anaweza kusema hiyo ni hila ya biashara, na hatakuwa amekosea. Lakini wafanyabiashara duniani hubuni siku kila mwezi na nyingi hufa kabla ya mwaka wa pili. Hii haikufa kwa sababu ilitua juu ya desturi iliyokuwapo. Skonzi za mdalasini zilianza kuonekana Uswidi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wakati sukari, siagi na unga vilipoanza kupatikana tena. Nchi hiyo haikupigana katika vita vyovyote viwili vya dunia, lakini biashara ilikatika na vyakula vikagawiwa kwa vibali. Kufikia miaka ya 1950 skonzi hizo zilikuwa zimeenea katika majumba ya watu wa kawaida.

Zilienea pamoja na fika, ile desturi ya kuacha kazi kwa muda na kunywa kahawa kwa kitafunio. Neno hilo lilizaliwa katika karne ya 19 kwa kupindua silabi za kaffi, umbo la kale la neno la Kiswidi la kahawa. Ni mchezo ule ule wa kinyume ambao vijana wa Pwani yetu waliutumia kuwaficha wazee mazungumzo yao.

Novemba ya mfalme, Desemba ya zafarani

Novemba 6 hukumbukwa kifo cha Mfalme Gustav II Adolf, aliyeuawa katika mapigano ya Lützen nchini Ujerumani mwaka 1632. Siku hiyo huliwa keki zenye sura ya mfalme iliyotengenezwa kwa chokoleti au lozi tamu, hasa katika jiji la Göteborg ambalo yeye ndiye aliyeliasisi. Vita hivyo vimesahauliwa na wengi, lakini sura ya mfalme hurudi mezani kila mwaka.

Desemba 13 ni siku ya Mtakatifu Lucia, mfia dini wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia. Kwa kalenda ya kale, usiku huo ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote. Wasichana huvaa nguo nyeupe na mishipi myekundu, mmoja wao akatangulia na taji la mishumaa kichwani. Gazeti moja la Stockholm liliandaa shindano la kumchagua Lucia wa jiji mwaka 1927, na tangu hapo maandamano hayo yakasambaa nchi nzima. Skonzi za siku hiyo, lussekatter, hukunjwa kwa umbo la herufi S, zikapambwa kwa zabibu kavu na kutiwa rangi ya manjano kwa zafarani, kiungo ghali kuliko vyote kwa uzani.

Kumbukumbu iliyoandikwa

Jambo jingine lililozisaidia siku hizi ni maandishi. Mwaka 1945, vita vikielekea ukingoni, kilichapishwa kitabu cha mapishi kiitwacho Sju sorters kakor, yaani aina saba za biskuti. Kichwa hicho kilitokana na adabu ya ukarimu: mwenyeji aliyewapa wageni aina chini ya saba alionekana bahili, na aliyezidisha alionekana mwenye majivuno. Kitabu hicho kimechapishwa tena na tena na kimo miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana nchini humo. Vipimo vilivyokuwa mikononi mwa akina nyanya vikawa mali ya wajukuu.

Hapa ndipo habari za Uswidi zinapotugusa. Nasi tuna vyakula vilivyofungamana na nyakati. Pwani, mwezi wa Ramadhani huja na kaimati, vitumbua na mkate wa sinia, na Idd huja na mahamri na visheti. Bara, katika nyumba nyingi chapati zilikuwa chakula cha Krismasi, na mtoto alizisubiri mwaka mzima. Sasa chapati huuzwa vibandani kila siku. Ni jambo jema kwa mwenye njaa, lakini ni chakula kilichopoteza siku yake.

Vipimo vya mapishi hayo, aghalabu, haviko popote isipokuwa katika kiganja cha mpishi. Ukimwuliza bibi ni tui kiasi gani la mahamri, atakwambia, "Tia mpaka unga ukubali." Jibu hilo ni sahihi, lakini halirithiki. Ajaye kukaa karibu naye na mizani na kalamu, akapima kila konzi kabla haijaingia bakulini, atakuwa ameuokoa urithi ambao hakuna jumba la makumbusho linaloweza kuuhifadhi.

Jinsi ya kuoka skonzi za mdalasini

Anayefahamu mahamri hatapata taabu, kwa maana unga wa kanelbullar nao hutiwa hamira na iliki. Tofauti kubwa ni kwamba hutumia maziwa na siagi badala ya tui la nazi, na huokwa badala ya kukaangwa.

Kwa skonzi zipatazo 20, tayarisha unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 300, siagi gramu 75, sukari gramu 80, hamira kavu gramu 7, iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Kwa kujaza ndani, tenga siagi laini gramu 75, sukari gramu 60 na mdalasini wa unga kijiko kimoja cha mezani. Weka yai moja la kupaka juu.

Yeyusha siagi ya unga, uichanganye na maziwa yawe vuguvugu. Yakiwa ya moto sana yataiua hamira. Changanya vitu vikavu, mimina maziwa, kisha kanda kwa dakika 10 mpaka unga uwe laini na unaovutika. Funika kwa kitambaa, uache uumuke kwa muda wa saa moja.

Sukuma unga uwe mstatili mwembamba. Paka siagi laini, nyunyiza sukari na mdalasini, uviringe kama mkeka, kisha ukate vipande vya unene wa vidole viwili. Vipange vikilala, vifunike na uviache viumuke tena kwa nusu saa. Paka yai lililopigwa, unyunyize sukari ya punje kubwa ukiwa nayo.

Oka katika tanuri yenye joto la nyuzi 225 kwa dakika nane hadi 10. Asiye na tanuri atumie njia ya mkate wa sinia: sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwa sababu sehemu ya chini huungua upesi. Achungulie mara kwa mara na kuziepua zikishageuka rangi ya kahawia.

Zikitoka motoni, zifunike kwa kitambaa safi zisikauke. Huliwa zikiwa bado na joto, kwa kahawa au chai, na ni vyema ziliwe siku hiyo hiyo.