Kutoka Cheo hadi Uhusiano: Historia ya Sarufi ya Heshima katika Kijapani cha Ofisini na Funzo lake kwa Upangaji Lugha

1. Utangulizi

Karani wa kampuni ya Kijapani anayetaka kumuuliza mteja kama amekwisha kutazama nyaraka alizotumiwa husema: "Shiryō wa goran ni narimashita ka." Akitaka kumjulisha mteja huyo kwamba yeye karani ametazama nyaraka zake, husema: "Haiken shimashita." Kwa mfanyakazi mwenzake, "mimashita" yatosha. Tendo ni lilelile la kutazama, lakini vitenzi ni vitatu: cha kwanza humkweza mtenda, cha pili humshusha, cha tatu ni cha adabu ya kawaida.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sentensi hizi hazina kiwakilishi wala kiambishi cha nafsi. Kiswahili hubainisha mtenda kwa ni- na u-. Kitenzi cha Kijapani hakina viambishi hivyo. Msikilizaji humtambua mtenda, kwa sehemu kubwa, kwa kiwango cha heshima: kitenzi kinachokweza hakiwezi kuwa cha msemaji, na kinachoshusha hakiwezi kuwa cha mteja. Kwa hiyo mfumo huu, uitwao keigo, si pambo la mazungumzo bali ni sehemu ya sarufi inayobeba maana. Makala hii inafuatilia jinsi mfumo huo ulivyofika ofisini, na inajenga hoja kwamba vyombo vya lugha vya Japani vilifanikiwa pale vilipofuata mkondo wa wasemaji na vikashindwa pale vilipotaka kuugeuza.

2. Heshima ya cheo na heshima ya uhusiano

Katika Kijapani cha kale heshima ilifungamana na cheo cha mtu. Ndiyo maana katika maandishi ya zamani tunamkuta mfalme mkuu akijitaja mwenyewe kwa vitenzi vya kukweza: hadhi yake haikubadilika kwa kuwa ndiye anayesema. Baadaye heshima ilianza kutegemea nani anasema na nani. Leo mteja akiuliza "Shachō wa irasshaimasu ka", yaani kama mkurugenzi yupo, karani hujibu kwa kumtaja mkurugenzi wake kwa jina tupu na kitenzi cha kushusha: "Satō wa dekakete orimasu." Mkurugenzi ni mkubwa wa karani, lakini mbele ya mteja wote wawili ni watu wa ndani, na wa ndani hujishusha kwa ajili ya wa nje.

Wageni waliuona ugumu huu mapema. João Rodrigues, Mjesuiti Mreno, aliyachambua kwa kirefu maneno ya heshima katika sarufi yake iliyochapishwa Nagasaki kati ya 1604 na 1608. Tangu enzi hizo maneno mengi yamechakaa. Kiambishi -masu, ambacho sasa ni adabu ya kila siku, kilitokana na kitenzi cha unyenyekevu, mairasu, kilichomaanisha kumtolea mkubwa kitu. Neno kisama, lililowahi kuwa la heshima katika barua, sasa ni tusi. Wasemaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kuona mwendo huu: neno "bwana" lilimtaja mwenye mamlaka, na leo vijana wa rika moja hulitupiana katikati ya mabishano. Heshima ikitumika sana hupungua uzito, na wasemaji hulazimika kutafuta nyingine.

3. Pendekezo la 1952

Mwezi Aprili 1952, mwezi uleule ambao Japani ilirejeshewa mamlaka yake baada ya kukaliwa na majeshi ya washindi, Baraza la Lugha ya Taifa lilitoa waraka ulioitwa Kore kara no keigo, yaani "keigo ya tangu sasa". Msimamo wake ulikuwa wa kisiasa na wa wazi: keigo ya zamani ilijengwa juu ya mahusiano ya mkubwa na mdogo, mpya ijengwe juu ya kuheshimiana kwa watu walio sawa. Waraka ulipendekeza mazungumzo yaegemee mtindo wa desu na masu, "anata" iwe namna ya kawaida ya kumwita mtu, na sentensi kama "ōkii desu" (ni kubwa), ambayo usahihi wake ulikuwa umebishaniwa kwa muda mrefu, ikubaliwe.

Matokeo yalikuwa mawili. "Ōkii desu" ilienea bila upinzani, kwa sababu wasemaji walikwisha kuanza kuitumia. "Anata" haikupata nafasi hiyo. Hadi leo karani hamwiti mteja wala mkuu wake "anata". Hutumia jina, cheo, au huacha kumtaja kabisa na kukiachia kitenzi kazi hiyo. Usawa uliotangazwa na waraka haukuweza kuingizwa kwa njia ya kiwakilishi kimoja ilhali sarufi nzima ilikuwa imejengwa ili kukiepuka.

4. Biashara na mwongozo wa 2007

Biashara nayo iliipa keigo makao mapya. Kampuni zilianza kuwafundisha waajiriwa wapya kila Aprili namna ya kupokea simu na kuandika barua. Mkulima wa jana alilazimika kujua kusema "osewa ni natte orimasu", maneno ya kukiri kwamba tunaendelea kupata hisani yenu, hata kwa mtu asiyemfahamu.

Mwaka 2007 Baraza la Utamaduni lilitoa mwongozo mpya, Keigo no shishin. Uliongeza makundi ya keigo kutoka matatu yaliyozoeleka hadi matano na kujibu maswali ya kazini moja baada ya jingine. Kwa mfano, duka hubandika tangazo "kyūgyō sasete itadakimasu", linalokaribia kusema "tunapokea ruhusa yenu ya kufunga". Mwongozo haukuupiga marufuku usemi huo. Ulieleza kuwa unafaa zaidi pale ambapo msemaji ameruhusiwa kweli na ananufaika. Baraza la 1952 lilitaka kupunguza. La 2007 lilieleza na kumwachia msemaji uamuzi.

5. Hitimisho

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Barua, mikataba na simu za ofisi zinahitaji sajili ya heshima ambayo Mganda, Mrundi na Mtanzania wataielewa kwa namna moja. Kiswahili hakiihifadhi heshima katika vitenzi maalumu kama Kijapani. Huiweka katika maamkizi, katika majina ya ukoo na vyeo, na katika uchaguzi wa "naomba uniletee" badala ya "niletee". Hizi ndizo sehemu ambazo wasemaji kutoka lugha mbalimbali hutofautiana zaidi, na ndizo zinazoachwa nje ya kamusi za istilahi.

Kwa washauri wa sera, historia ya Japani inapendekeza utaratibu: kukusanya kwanza sentensi zinazotumika madukani, mipakani na maofisini, kisha kuzieleza, na kuidhinisha zile ambazo wasemaji wamekwisha kuzikubali. Waraka unaoanza na amri utaishia kama "anata" ya 1952, sahihi katika karatasi na haitamkwi mbele ya mteja.