Mistari Myeupe

Jicho la mwalimu wa michezo hudanganyika. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alifungua mjini Paris kituo cha kuchunguza mwendo. Humo alimvika mkimbiaji nguo nyeusi yenye mistari myeupe mikononi na miguuni, akampiga picha nyingi juu ya bamba moja. Mwili ukatoweka, ikabaki mistari ikikimbia. Kompyuta inayompa mwanariadha wa leo, ndani ya miwani ya uhalisia pepe, nafasi ya kuitazama mbio yake kutoka kila upande, imerithi hila ile ile.

Mimi nilikuwa na macho tu. Nilimshurutisha mwanachuo mmoja akanyage kwa vidole, asikanyage kwa kisigino. Alikuwa akishinda. Hakushinda tena, wala hakunilaumu.