Kifungu Kimoja, Uzazi Mbalimbali

Mwaka 1930 Waingereza walizipa Kenya na Tanganyika kanuni za adhabu zilizofanana kama mapacha. Katika zote mbili, anayemtoa mwanamke mimba alikabiliwa na kifungo cha miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa au kifaa huku akijua kazi yake miaka 3. Asili ya vifungu hivyo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Uingereza yenyewe ilifungua mlango kwa sheria mpya ya mwaka 1967, lakini huku kwetu maneno ya enzi ya Malkia Victoria yalivuka uhuru salama salimini. Kwa hiyo mwanahistoria anayetaka kupima kama sheria ya utoaji mimba ndiyo inayoamua watu wazae watoto wangapi ana bahati: nchi jirani, sheria ile ile, miongo kadhaa.

Jibu la takwimu halina utata: siyo sheria inayoamua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kufikia 2022 wastani huo ulikuwa 3.4, wakati Tanzania ulikuwa 4.8. Mwaka huo huo wanawake 57 katika kila 100 walioolewa Kenya walikuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango. Tanzania walikuwa 31. Mtu anaweza kusema kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kwa kuruhusu utoaji mimba pale uhai au afya ya mama inapokuwa hatarini, ndiyo iliyoleta tofauti. Lakini kabla ya katiba hiyo kupigiwa kura, wastani wa Kenya ulikuwa tayari umeshuka hadi chini ya 5. Na Zambia, iliyolegeza sheria yake tangu 1972, bado ilikuwa na wastani wa 6.5 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 4.7 mwaka 2018. Ni kweli kwamba sheria ya Zambia ilidai saini za madaktari watatu, sharti ambalo mwanamke wa kijijini hawezi kulitimiza hata akitaka. Hilo nalo linaonyesha umbali uliopo kati ya karatasi na zahanati.

Je, basi ni vidonge na sindano vilivyofanya kazi yote? Hapana, na hapa watetezi wa uzazi wa mpango hujisifu kupita kiasi. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa mwaka 1967, lakini kilele cha uzazi kilikuja miaka kumi baadaye, mpango ukiwa tayari upo. Huduma ilitangulia, hamu ikachelewa. Wazazi walianza kupunguza watoto pale mashamba ya urithi yalipogawanywa hadi yakawa vipande visivyotosha kulisha mtu, na karo ikafanya kila mtoto wa ziada awe hesabu. Tanzania nayo ilikuwa na chama cha uzazi wa mpango tangu 1959, lakini sera ya taifa ya idadi ya watu haikuja hadi 1992.

Wengine watasema sheria hizi zinalinda mila na dini zetu. Imani ya dini ni jambo la kweli na halipaswi kudharauliwa, ila haikuandika vifungu vya 1930. Viliandikwa na wanasheria wa kikoloni. Mila ya pwani na bara ilikuwa na wasiwasi wake mwingine, yaani kubemenda mtoto: mama anayenyonyesha hakutakiwa kushika mimba mapema, na jamii nzima ilimwangalia mume.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja kwamba sheria haiamui uzazi linatoka Romania. Oktoba 1966 serikali ya kiongozi wake, Ceaușescu, ilipiga marufuku utoaji mimba karibu wote, na wastani wa watoto ukaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sheria inaweza kuongeza uzazi, hasa pale ambapo vidonge havipatikani na kutoa mimba ndiyo njia kuu ya kupanga familia, kama ilivyokuwa huko. Lakini mruko ule haukudumu. Katika miaka iliyofuata wanawake walipata njia za siri, na uzazi ukaporomoka tena huku marufuku ikiendelea. Kilichobaki juu ni vifo. Mwaka 1989 wanawake wapatao 170 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wengi wao kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Marufuku ilifutwa mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1990 vifo vikapungua kwa nusu.