Kabla Umlaumu Fundi kwa Paa la Kijani, Soma Hii Historia

Toka nje uangalie nyumba ya jirani aliyejenga juzi, ile ya vigae vya chuma vyenye chembechembe za mawe. Kama kuna miti karibu, kuna uwezekano utaona zulia la kijani likianza kwa viungo vya vigae, na michirizi myeusi ikishuka hadi kwa gata. Ile kijani ni kuvumwani. Ile nyeusi mara nyingi ni mwani. Mwenye nyumba anasema aliuziwa feki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya historia wala ya ujenzi. Lakini nasema hivi: mara nyingi shida si feki. Kwa miaka mia moja na kitu tumebadilisha paa mara mbili, na hakuna mtu aliuliza lile la zamani lilikuwa linalindwa na nini.

Kwanza tuelewane tunaishi wapi. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mvua hapa inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Kiangazi cha maana hatuna. Ndiyo maana Nyamira kuna chai na ndizi ziko kila boma. Sasa kuvumwani haina mizizi ya kweli, inakunywa maji kwa majani yake. Inataka tu unyevu, kivuli, na vumbi kidogo la kushikilia. Yaani hii ni nyumbani kwake, sisi ndio tulimkuta.

Paa la kwanza lilikuwa la nyasi. Nyasi zinaoza, kila mtu anajua, lakini chini ya zile nyasi kulikuwa na moto wa jikoni karibu kila siku. Moshi ulipanda, ukakausha paa kutoka ndani, ukaacha masizi, ukafukuza wadudu. Mahali pameoza paliezekwa upya, na kazi ikiwa kubwa watu waliitana kwa risaga, majirani wakaja kusaidia. Hilo paa lilikuwa na walinzi wawili: moshi na watu.

Lakini tusidanganyane kwamba maisha yalikuwa matamu. Moshi huohuo uliharibu macho na mapafu ya nyanya zetu. Na nyasi zinashika moto. Mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, mkoloni aliyekuwa akisimamia Kisii, wanajeshi wa Waingereza walipita wakichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Paa la nyasi halingeweza kuzuia hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia mababu walikosea kuacha nyasi, muulize kama yeye angelala humo.

Paa la pili lilikuwa mabati. Kahawa iliruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii miaka ya 1930, baadaye pareto na chai zikaleta pesa zaidi. Wakati huohuo mashamba yaligawanywa na kugawanywa, sehemu za kukata nyasi zikaisha. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata zaidi ya milioni 1.2 Kisii na laki sita Nyamira, kwa eneo dogo sana. Nyasi za kuezeka ungetoa wapi?

Sasa hapa ndipo watu wengi hawajui. Yale mabati ya zamani yanayong'aa ni chuma kilichopakwa zinki. Mvua ikinyesha, zinki kidogo sana inayeyuka na kuteremka na maji, na kuvumwani haiipendi. Ndiyo maana bati la zamani lilizeeka kwa kutu lakini mara chache ulikuta limeota zulia. Mlinzi wake alikuwa zinki, na alifanya kazi kimyakimya hadi tukasahau yupo.

Paa la tatu ni hivi vigae. Ndani bado ni chuma, lakini ile kinga ya chuma imefunikwa na gundi na chembe za mawe, kwa hivyo hakuna kitu kinachoteremka na mvua kuzuia mimea. Chembe zenyewe zina mikwaruzo ya kushika vumbi. Moshi hakuna, kuna dari na gesi. Na nyumba nyingi za aina hii zimejengwa na watu wetu walio Marekani, zimefungwa, zinangoja Desemba. Moshi umeenda, zinki imefichwa, na mwenyewe hayuko.

Halafu mwenyewe anaangalia video kutoka huko aliko. Anaambiwa upande wa kaskazini ndio huota zaidi. Huko ni kweli, lakini sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, linaenda kaskazini na kusini. Hapa angalia ni wapi mti wa avokado au mkaratusi unatupa kivuli. Anaambiwa aweke ukanda wa shaba kileleni. Huko wanaezeka sana vigae vya lami, shaba haina neno. Kwa paa la chuma, maji yanayotoka kwa shaba yanakula zinki na kuleta kutu.

Kosa kubwa zaidi ni dawa ya kung'arisha nguo. Nimeona kijana akimwaga lita kadhaa juu ya paa huku bomba la gata likiwa limeunganishwa na tangi. Hilo tangi ndilo watu wa boma wanakunywa. Na ile mashine ya presha inabandua chembe za mawe, unalipa mtu akuzeeshee paa.

Kama uko na hili tatizo, kata matawi kwanza. Tenga bomba la tangi kabla hujagusa kitu. Subiri siku kavu, mtu anayejua ngazi apande, asugue na brashi laini kutoka juu kwenda chini, asafishe gata, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe. Kisha rudia kila mwaka. Lakini kama ni yale mapaa ya zamani ya asbestosi, ambayo Kenya ilipiga marufuku 2006, usisugue kabisa. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Ita watu wenye leseni.

Msimamo wangu ni huu: ukituma milioni za kujenga nyumbani, weka pia pesa ya mtu wa kuliangalia paa. Kuna vijana wengi hapa hawana kazi, wafundishwe hii iwe biashara. Nyasi zililindwa na moshi na risaga, bati likalindwa na zinki. Kigae chako kinalindwa na nani?